Kaffeine, Ozone au Granger & Co: uende mkahawa upi wa Kiaustralia ukiwa London?

Mgeni akifika London na kuniambia anataka mkahawa wa Kiaustralia, mimi humuuliza kwanza: una kiu au una njaa? Wengi hucheka, lakini jibu lao ndilo linaloamua tushuke stesheni gani. Katikati ya mji huu maduka ya aina hiyo yamejaa, na kwa nje yanafanana kama mapacha: mbao zisizopakwa rangi, mimea kwenye vyungu, parachichi juu ya mkate. Ndani ni mambo mengine kabisa. Nimechagua matatu ambayo kila moja linasimamia aina yake: Kaffeine kule Fitzrovia, Ozone karibu na Old Street, na Granger & Co kule Notting Hill. Ukishaijua tofauti ya haya matatu, mengine utayapima mwenyewe ukiwa mlangoni.

Kwanza tuelewane Kiaustralia ni nini. Si buni, maana Australia inalima kahawa kidogo sana. Ni namna ya kuiandaa na kuihudumia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waitaliano wengi walihamia Melbourne na Sydney na mazoea yao ya espreso, ile kahawa kali ya kikombe kidogo inayotolewa kwa mashine, na wenyeji wakajifunza kunywa kahawa ya mashine wakati Waingereza wengi bado wanakoroga ya unga nyumbani. Maduka yakabaki ya mtaani, ya mtu na familia yake, na barista, yaani mtengeneza kahawa, anakujua kwa jina. Starbucks walipoingia huko mwaka 2000 walikuta watu wana pao pa kwenda. Mwaka 2008 wakafunga maduka 61 kati ya 84. Watoto wa nchi hiyo ndio waliokuja London kutafuta maisha, wakakosa kikombe cha kuwaridhisha, wakafungua maduka yao wenyewe. Mwaka 2005 duka liitwalo Flat White lilifunguliwa Berwick Street, Soho. Haikupita miaka mingi, kampuni kubwa zenye matawi kila barabara nazo zikaanza kuuza kinywaji chenye jina hilohilo.

Watu wa New Zealand watanuna nikiishia hapo. Ozone ni yao, ilianzia New Plymouth mwaka 1998. Na flat white yenyewe, ile kahawa ya maziwa yenye povu jembamba, wanaigombea: Alan Preston anasema aliiweka kwenye menyu ya mkahawa wake Sydney mwaka 1985, Fraser McInnes anasema ilitokea kwa bahati tu akiwa Wellington mwaka 1989, kapuchino ilipokataa kutoa povu. London haikujiingiza kwenye ugomvi huo. Hapa nchi zote mbili zimetiwa kapu moja, nami sitawatenganisha.

Kikombe chenyewe

Kama ni kahawa tu iliyokuleta, nenda Kaffeine. Liko Great Titchfield Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Oxford Circus, na lilifunguliwa mwaka 2009 na Peter Dore-Smith, mtu wa Melbourne. Ni duka dogo. Viti ni vichache na havikualiki kulala. Lakini simama kando ya kaunta dakika mbili uangalie kazi. Kahawa inasagwa ya kikombe kimoja tu, inapimwa, inashindiliwa sawasawa. Maziwa yanapigwa mvuke kwenye jagi dogo hadi povu lake linakuwa laini kama rangi mbichi, jagi linagongwa mezani kidogo kupasua viputo, na ile bomba ya mvuke inafutwa hapohapo kwa kitambaa kibichi kabla haijashikwa tena. Duka ambalo barista hafuti hiyo bomba, mimi huagiza maji nikaondoka.

Flat white ni espreso ya mikupuo miwili ndani ya kikombe kidogo, na povu jembamba juu. Latte ina maziwa mengi zaidi, kapuchino ina povu nene, na kwa desturi ya Kiaustralia inanyunyiziwa unga wa chokoleti. Long black ni ya wasiotaka maziwa: maji ya moto hutangulia kikombeni, espreso inamiminwa juu yake ili lile tabaka la rangi ya dhahabu lisivunjike. Mtu aliyezoea chai ya maziwa inayounguza ulimi atadhani wamemletea kahawa iliyopoa. Haijapoa. Maziwa yanasimamishwa kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, kwa sababu yakizidi hapo utamu wake unapotea na harufu ya kuungua inaanza. Ukitaka moto zaidi sema wakati wa kuagiza, na usione haya.

Buni inayotumika Kaffeine tangu zamani ni ya Square Mile, wakaangaji wa hapa London walioanza mwaka 2008. Mmoja wa waanzilishi, James Hoffmann, alikuwa bingwa wa dunia wa mabarista mwaka 2007. Kwa hiyo Kaffeine hawakaangi, wanapika. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Ozone. Wao, waliofungua pale Leonard Street mwaka 2012, wanakaanga wenyewe, na kahawa unayokunywa ni yao kuanzia gunia. Faida yake ni uchaguzi. Ukichoka na maziwa unaweza kuomba kahawa ya kuchuja kutoka nchi moja, shamba moja au chama kimoja cha ushirika, ukaambiwa ilivyooshwa na ilivyokaushwa.

Hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapokutana na nyumbani. Kahawa ya Kenya, ya Nyeri au Kirinyaga, ni ya heshima kwenye mbao za maduka haya, na bei yake huwa juu ya nyingine. Rwanda na Burundi zinaonekana mara nyingi, Tanzania mara chache. Tahadhari mbili. Moja, zile herufi AA zinazoandikwa kwenye mfuko wa Kenya ni ukubwa wa punje, si cheti cha ladha. AB nzuri inaipita AA ya ovyo bila jasho. Pili, wanakaanga kidogo, punje inatoka ya kahawia na si nyeusi, kwa hiyo usitegemee ile kahawa ya kijiweni, iliyokaangwa hadi ikang'aa na kuchemshwa kwenye dele pamoja na tangawizi. Kahawa hiyohiyo ya mlima ikikaangwa kizungu inatoa uchachu wa zabibu mbichi. Wapo wanaoupenda kwa pigo la kwanza. Shangazi yangu alisema imeharibika, akaomba sukari, akaomba tena. Kama na wewe uko upande wa shangazi, kaa na flat white. Maziwa yanaufunika huo uchachu na kubakiza utamu.

Ukitaka kubeba mfuko kwenda nao, nunua Ozone, na utazame tarehe ya kukaangwa badala ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Mavuno makubwa ya Kenya ni kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo mpya zake hufika mikononi mwa wakaangaji wa Ulaya karibu na katikati ya mwaka unaofuata. Mwezi wa pili ukiiona Kenya rafuni, ni ya msimu uliopita. Haina ubaya, ila usilipe bei ya mpya.

Granger & Co? Kahawa yao ni nzuri, haina kasoro ya kuisema. Lakini hakuna anayepanda treni kwenda Notting Hill kwa ajili ya kikombe kile.

Sahani

Wanachoendea Notting Hill ni meza. Bill Granger alizaliwa Melbourne, na mwaka 1993, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, akafungua mkahawa mdogo uitwao bills mtaa wa Darlinghurst, Sydney. Mamlaka za mtaa zilimbana kwa saa na kwa viti, hakuweza kufungua usiku. Akageuza kikwazo kuwa biashara: akakipa kifungua kinywa hadhi ambayo wengine walikipa chakula cha jioni, na katikati ya chumba akaweka meza moja kubwa ambayo wageni wasiofahamiana wanakaa bega kwa bega. Mayai yake ya kuvuruga, yenye krimu, na chapati nene za jibini ya rikota zinazoletwa na ndizi na siagi ya asali vilienea hadi Japani na Korea. London alifungua Westbourne Grove mwaka 2011. Alifariki Desemba 2023, na mikahawa inaendelea.

Zile chapati za rikota ndizo uziagize. Zinakuja nene, kingo zimekaukia kidogo, ndani laini kiasi kwamba kisu hakina kazi, na ile siagi inayeyuka taratibu ikishuka pembeni. Ni tamu na nzito, watu wawili wanaweza kugawana moja na sahani ya mayai wakatosheka. Mtu mmoja akimaliza yote peke yake, hatahitaji chakula cha mchana, na pengine hata cha jioni.

Ozone nao wana jiko la kweli, si kabati la keki. Mayai kwa namna mbalimbali, parachichi kwenye mkate wa chachu ya asili, uyoga, mboga za majani, vitu vya pilipili. Ladha zao ni kali kuliko za Granger, na mimi binafsi naona ndio wanaopika kwa ujasiri zaidi. Granger wanapika kwa uhakika. Kaffeine hawapiki sahani za kukalia kwa uma na kisu. Wana saladi, mikate iliyojazwa na vitafunwa vya kuoka, vinabadilika kila wiki, na vingi vinatengenezwa palepale. Ukila hapo ni kwa sababu ulikuja kunywa.

Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: kifungua kinywa cha Kiaustralia kimejaa bekoni, na wakati mwingine inaingia mahali usipoitarajia, kama ndani ya mkate wa yai au juu ya zile chapati. Kinachookoa ni kwamba karibu kila sahani inaweza kuondolewa kitu na kuongezwa kingine, na wahudumu hawakunji uso ukiomba samaki wa kuvukizwa au jibini ya halumi badala yake. Kuku na nyama nyingine uliza kama ni halali, usikisie. Mimi nikiwa na wageni wa pwani naagiza mayai na parachichi, nalala usingizi.

Kukaa, foleni na laptopu

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuchagua, kwa sababu wanatazama picha za chakula na kusahau kwamba watahitaji kiti.

Kaffeine asubuhi za kazi hujaa watu wa ofisi za jirani. Foleni inakwenda mbio, lakini kukaa ni bahati. Nenda baada ya saa nne asubuhi, wale wameshaingia kazini na wale wa chakula cha mchana bado hawajatoka. Katikati hapo unapata benchi na barista ana nafasi ya kukujibu maswali. Usiende watu watano. Hamtakaa pamoja, na mtawaziba wengine.

Ozone wana nafasi zaidi kuliko Kaffeine. Ukiweza, omba kile kiti kirefu cha kaunta kinachotazama jiko, uone sahani zikipita mbele yako kabla hujaamua. Siku za kazi mtaa ule ni wa watu wa kampuni za kompyuta, na utawasikia wakifanya vikao vyao kwa sauti juu ya kahawa ya kuchuja. Mwisho wa wiki unageuka wa familia na wapenzi waliochelewa kuamka, na foleni inaanza kuota.

Granger mwisho wa wiki ni foleni, tena ya kusimama nje kwenye baridi. Westbourne Grove ni mtaa wa kitajiri na wa watalii pia, na soko la Portobello liko jirani, hivyo Jumamosi hao wote wanakutana mlangoni. Siku ya kazi kabla ya saa tatu asubuhi ni raha: chumba kina mwanga, meza zina nafasi, wahudumu hawakimbii. Mwenye watoto wadogo aende Granger kuliko kwingine, maana Kaffeine hakuna pa kuweka kigari cha mtoto bila kumkanyaga mtu.

Laptopu ni kesi nyingine. Maduka mengi ya namna hii yamechoka na watu wanaonunua kikombe kimoja na kukalia meza hadi alasiri, na yameweka vizuizi, hasa Jumamosi na Jumapili na saa za chakula. Kuna mahali, si mojawapo ya haya matatu, nimewahi kuona mhudumu akizungumza na mteja kwa upole mkubwa huku ameshachomoa waya wake ukutani. Ukiwa na kazi ya kufanya, nenda maktaba ya British Library pale King's Cross, kisha uje unywe kahawa ukiwa umemaliza. Na usipange mikahawa hii iwe mahali pa jioni: ile ya kahawa hufunga alasiri, kama ilivyo desturi ya Melbourne. Granger ndiyo inayobaki mpaka chakula cha usiku.

Mfuko

Kikombe cha flat white katikati ya London tegemea kati ya pauni 3.50 na 4.50, na maziwa ya oti (oat milk) kwa kawaida yanaongeza kidogo. Kwa kikombe, tofauti kati ya haya maduka ni ya senti. Tofauti inakuja ukikaa kula. Kaffeine unaweza kutoka kwa chini ya pauni 10 ukiwa umekunywa na kutafuna. Ozone sahani moja na kahawa inakupeleka karibu na 20. Granger, watu wawili wakila vizuri na kunywa juisi, andaa 50 na ushukuru ikirudi chenji.

Kuna mambo mawili ya bili ambayo mgeni haambiwi. La kwanza ni kodi: kahawa ya moto inatozwa asilimia 20 uketi au uondoke nayo, lakini chakula baridi cha kuondoka nacho kwa kawaida hakina kodi hiyo. Ndiyo maana kipande kilekile cha keki kinaweza kuwa na bei mbili ubaoni, na anayebeba analipa kidogo. Kama hali ya hewa inaruhusu, chukua kikombe na kitafunwa chako Kaffeine utembee hadi bustani ya karibu.

La pili ni ada ya huduma. Mahali pa kukaa na kuhudumiwa mezani mara nyingi utaona asilimia 12.5 hivi imeongezwa tayari chini ya bili. Si lazima kisheria. Ukiona huduma haikuwa huduma, waambie waitoe, na wanaitoa bila mjadala. Ukiilipa, ujue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bahshishi yote bila kukata chake. Kaunta ambako unajichukulia kikombe mwenyewe hutakiwi kuacha kitu, ingawa ile mashine ya kadi itakuuliza na kukukodolea macho. Bonyeza hapana. Fedha taslimu usizitegemee, maduka mengi ni kadi au simu tu.

Sasa uchague

Uko peke yako, una saa moja kati ya shughuli mbili mjini, unataka kujua huo mtindo una nini hasa: Kaffeine. Hakuna mashindano. Agiza flat white, simama pale unapoiona mashine, na ukimaliza agiza espreso tupu ya buni ileile ili uone maziwa yalikuwa yanaficha nini.

Mko watatu au wanne, mmoja anapenda kahawa kwa dhati na wengine wanapenda kula: Ozone. Ndio mahali pekee kati ya haya matatu ambapo mpenda kahawa na mwenye njaa wote wanatoka wameridhika, na ndiyo maana mimi mwenyewe ndiko ninakorudi zaidi. Anayelima au kuuza kahawa nyumbani naye aende huko. Ataona kwa macho yake bei ya mfuko mdogo wa kahawa ya Kirinyaga baada ya kuvuka bahari, na atakuwa na maswali ya kumpelekea mwenyekiti wa ushirika.

Umemleta mama, au ni siku ya kuzaliwa, au mnataka kuvaa vizuri na kupiga picha: Granger & Co, siku ya kazi, mapema. Mama atapenda kwamba anahudumiwa mezani na kwamba chai ipo. Usimpeleke Jumamosi saa tano, atasimama nje nusu saa akikutazama.

Na kama una asubuhi nzima na miguu mizima, haya mawili ya kwanza yanaungana vizuri. Anza Old Street saa mbili asubuhi kwa kula, panda basi au tembea kuelekea magharibi kupitia Clerkenwell na Bloomsbury, mwendo wa kama saa moja kwa miguu, uingie Kaffeine saa nne na nusu tumbo limeshatulia na foleni imeshakatika.